Kuleta kiwanda na ajira wilayani: mwongozo kamili kwa shehia na wilaya za Pemba

Micheweni, kaskazini mwa Pemba, ilitangazwa kuwa eneo huru la uchumi mwaka 1992, sambamba na Fumba kule Unguja. Zilitengwa hekta 808. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa ni watu wazima wenye watoto wao, na wengi wameifuata riziki Unguja, Dar es Salaam, Mombasa na hata Oman, kwa sababu tangazo lilikuja na viwanda havikulifuata. Waliobaki wanavua, wanalima mwani, na kina mama wanaponda kokoto juani ili watoto wapate sare za skuli.

Kiwanda hakiendi pahala kwa sababu pametangazwa. Kinakwenda palipo na malighafi inayojulikana kiasi chake, ardhi isiyo na ugomvi, umeme na maji ya kutosha, na watu waliokwisha kujipanga. Mengi kati ya hayo hayasubiri Wizara wala mgeni kutoka nje, yanaanzia kwenye shehia. Kwa hiyo mwongozo huu nimewaandikia masheha na kamati zao, madiwani, watendaji wa ofisi za wilaya, viongozi wa ushirika, na ndugu zetu walioko nje ya kisiwa ambao kila wakija likizo huuliza wasaidie wapi. Mifano mingi ni ya Micheweni kwa kuwa hapo shida ni kubwa zaidi, lakini Wete, Chake Chake na Mkoani njia ni hiyo hiyo. Hesabuni mwaka mzima wa matayarisho kabla hamjabisha hodi kwa mwekezaji yeyote.

Hatua ya kwanza: fungueni daftari la kinachoondoka

Mwekezaji akikaa kitako, la kwanza analouliza ni hili: mna kiasi gani, miezi gani, na cha ubora gani? Jibu la "mwani upo mwingi sana" halimsaidii. Kwake "mwingi" unaweza kuwa tani ishirini au tani elfu mbili, na mashine za tani ishirini si mashine za tani elfu mbili.

Undeni kikundi kidogo cha watu watano au sita: mwalimu wa hesabu, mkulima wa mwani, mvuvi au mchuuzi wa samaki, kijana anayeiweza kompyuta, na mtu wa ofisi ya sheha. Kwa kila zao andikeni uzito, mwezi, bei aliyolipwa mzalishaji, nani kanunua, amelipa siku ile ile au kwa ahadi, mzigo umesafirishwa kwa njia gani, na kiasi gani kimeharibika kabla ya kuuzwa. Hilo la mwisho husahauliwa sana, na ndilo linaloonesha kiwanda kitaokoa nini.

Habari zitafuteni pale mzigo unapopita: bandari za Mkoani na Wete, vituo vya kununulia karafuu vya ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, maghala ya mawakala wa mwani, soko la samaki la Tumbe, na madau yanayopakia kwenye bandari ndogo. Wachuuzi wengine hawatataka kusema. Waelezeni kwamba hamkusanyi kodi, na majina yao msiyaandike.

Daftari liwe na safu tatu za uzito: tulichopima wenyewe, tulichoambiwa, na tulichokisia. Msizichanganye. Mwekezaji makini atatuma mtu wake kuhakiki, na akikuta makisio yamevishwa sura ya vipimo hatarudi tena. Akikuta mmekiri wenyewe kwamba hapa tumekisia, ataziamini na zile namba nyingine.

Endeleeni miezi kumi na miwili, mpitie kusi na kaskazi, masika na vuli. Mwani hubadilika na joto la bahari, karafuu ina mwaka wa neema na mwaka wa ukame, dagaa hufuata giza la mwezi. Takwimu za miezi mitatu ya neema zitajenga kiwanda kitakachokaa bure miezi tisa.

Hatua ya pili: chagueni zao moja, na kazi moja juu ya zao hilo

Hapa ndipo mipango mingi ya wilaya inapopotea. Utaona andiko linalotaka kiwanda cha mwani, cha samaki, cha matunda, cha sabuni na cha chumvi, vyote kwenye ukurasa mmoja. Andiko la namna hiyo linamwambia msomaji kwamba hakuna hata kimoja kilichofikiriwa.

Tuanze na mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na sehemu kubwa ya mwani wa Visiwa hivi sasa inatoka Pemba. Wakulima walio wengi ni wanawake. Wanalima aina mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ina bei nzuri zaidi, lakini haistahamili maji ya kina kifupi yanapopata joto: hugeuka nyeupe, ikalainika na kukatika. Ndiyo maana wengi wamebaki na spinosamu yenye bei ya chini. Kuirudisha kotonii kunataka kulimwa maji ya kina kirefu zaidi, na hilo linataka vyombo, kuogelea, na vifaa ambavyo mama mwenye kamba na vigingi vyake hana.

Mwani mkavu unaoondoka kisiwani unakwenda kutolewa karajini, ile inayogandisha maziwa ya mtindi, dawa ya meno na nyama za makopo. Watu wakisema "tujenge kiwanda cha mwani" huwa wana karajini akilini. Tupige hesabu ya mfano. Kiwanda kidogo kinachotumia tani 2 za mwani mkavu kwa siku, kikifanya kazi siku 250 kwa mwaka, kinataka tani 500. Mwani mbichi kilo saba hadi kumi hutoa kilo moja kavu, kwa hiyo baharini zitoke tani 3,500 hadi 5,000. Tukichukulia mkulima mmoja anatoa kilo 100 kavu kwa mzunguko wa wiki sita, na mizunguko sita kwa mwaka, huyo ni mtu wa kilo 600. Watahitajika wakulima zaidi ya 830 wanaouza kwenye kiwanda hicho hicho bila kukatiza. Wekeni namba za daftari lenu pahala pa hizi za mfano, mtaona kama mna malighafi au mna matumaini tu.

Kisha kuna maji. Mwani huchemshwa kwa dawa ya magadi makali, halafu huoshwa, ukaoshwa tena, mpaka magadi yatoke. Maji yanayotumika ni matamu, na ni mengi. Micheweni ni ardhi ya maweni yenye udongo mwembamba, na wenyewe mnajua foleni za ndoo za kiangazi. Na yale maji machafu yenye magadi yataelekezwa wapi? Yakirudi baharini bila kusafishwa, yanaua shamba lile lile linalolisha kiwanda. Serikali imeichagua Chamanangwe, Wilaya ya Wete, kwa kiwanda cha kuchakata mwani, na sioni busara ya wilaya jirani kugombania kiwanda cha pili cha aina hiyo.

Rai yangu kwa Micheweni ni kuanza na kazi iliyo kabla ya karajini: kukausha juu ya chanja badala ya mchangani, kuchambua, kupima unyevu, kufunga marobota kwa mashine ya kukandamiza, na kuhifadhi kwenye ghala lisilovuja. Kazi hiyo haili maji mengi, inaajiri watu wa karibu, na inampa mkulima kitu ambacho leo hana, yaani uwezo wa kusubiri. Asiye na ghala huuza siku ile ile kwa bei yoyote.

Karafuu ni habari nyingine. Tangu kimbunga cha 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo imekuwa shamba kuu. Lakini ununuzi wa karafuu uko mikononi mwa ZSTC kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo yeyote anayefikiria kiwanda cha karafuu aanzie mlango huo. Kiwanda cha makonyo cha Wawi, karibu na Chake, kinatoa mafuta kutokana na makonyo, yaani vijiti vinavyoshika karafuu, na majani. Karafuu kavu yenyewe ina mafuta asilimia 15 hadi 20, makonyo asilimia 5 hadi 7, majani 2 hadi 3 hivi. Nafasi ya shehia ipo kwenye makonyo na majani makavu yanayooza mashambani, si kwenye karafuu yenyewe. Na jambo moja la kushikilia: tanuri la mafuta linakula kuni. Msipopanda miti ya kuni kwanza, litakula mikarafuu.

Dagaa na samaki wa Tumbe na vijiji vya jirani wanataka kitu rahisi kuliko vyote nilivyotaja, nacho ni barafu na vikaushio vya jua. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo wakati dagaa wamechemshwa na kuanikwa, mtaji wa mtu unaoza mbele ya macho yake. Mtambo wa barafu si jambo la kupigiwa picha za uzinduzi, ila mvuvi mwenye barafu hamwuzii mchuuzi kwa hofu. Ningekuwa na sauti kwenye kikao, barafu ingekuja kabla ya kiwanda chochote cha kufunga samaki kwenye makopo.

Chumvi ya Pemba inatosha kwa kiwanda kidogo cha kusafisha na kutia madini joto, basi.

Hatua ya tatu: ardhi isafishwe ugomvi kabla ya mgeni kuja

Hii ndiyo hatua ndefu na yenye maumivu, na ndiyo inayoua miradi mingi. Ardhi ya Zanzibar kisheria ni mali ya umma chini ya Serikali, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 inaeleza hivyo. Lakini juu ya ardhi hiyo hiyo kuna eka tatu walizopewa watu baada ya Mapinduzi ya 1964, kuna mashamba ya urithi yasiyogawiwa tangu wakati wa mababu, kuna mti wa mtu uliosimama kwenye shamba la mwengine, kuna makaburi, kuna njia ya kwenda pwani, kuna malisho. Ramani ya ofisini inaonesha pembe nne tu.

Fanyeni hivi. Chagueni eneo la ukubwa wa wastani, msitamani hekta mia kama kazi inahitaji tano. Litembeeni pamoja na wazee wa mtaa na majirani wa pande zote, muandike kila mti, kila kisima, kila kaburi, kila njia, na kila anayedai. Miti iandikwe kwa jina la mwenye mti, hata kama ardhi si yake. Orodha isomwe hadharani, mara mbili, kwa siku tofauti, moja wapo iwe baada ya sala ya Ijumaa ambapo watu wengi wapo. Wanawake waitwe kwa kikao chao wenyewe, kwa kuwa urithi wa mama na dada mara nyingi unasemewa na kaka, na kaka husahau.

Anayedai asikilizwe sasa. Mtu aliyepuuzwa kwenye kikao atajitokeza siku ya msingi kuwekwa, akiwa na wakili. Na fidia ijadiliwe kabla: ya mti unaozaa leo, ya mti mchanga, ya mazao ya msimu, na ya njia itakayozibwa. Njia ya pwani ningeshauri isizibwe kabisa. Ihamishwe tu, tena iandikwe kwenye makubaliano. Kumzibia mvuvi njia ya bahari kwa ajili ya kiwanda cha samaki ni jambo lisilosameheka.

Baada ya hapo ndipo mwende Kamisheni ya Ardhi kwa upimaji na usajili wa matumizi. Mkifika na orodha iliyosainiwa, ramani ya mkono, na kumbukumbu za vikao, kazi ya wapimaji inakuwa nyepesi.

Kama eneo lenu liko ndani ya eneo huru lililokwisha tangazwa, msidhani hatua hii mmeiruka. Tangazo linafuta shaka ya ofisini. Shaka ya kijijini inabaki pale pale.

Hatua ya nne: umeme, maji, barabara, na bei ya kufika sokoni

Tangu 2010 Pemba inapata umeme kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo kisiwa kiliendeshwa kwa majenereta ya dizeli, na hakuna kiwanda kingekubali gharama zile. Kwa hiyo swali la leo limekuwa la karibu zaidi: je, kwenye eneo lenu kuna laini ya fezi tatu? Transfoma iliyo karibu ina uwezo gani, na imeshabeba nini? Umeme ulikatika mara ngapi mwezi uliopita, na kwa muda gani? Mpeni mtu mmoja anayeishi karibu kazi ya kuandika kila ukikatika na ukirudi. Andikeni barua kwa ZECO, shirika la umeme, mkiomba jibu la maandishi kuhusu uwezo na gharama za kuvuta laini. Barua iliyojibiwa ina thamani kubwa kwenye jalada lenu kuliko kauli ya kiongozi jukwaani.

Kwa ZAWA, mamlaka ya maji, mambo ni hayo hayo, na muongeze swali la kisima: kikichimbwa kisima cha kiwanda, visima vya mtaa vitabaki na maji? Kwenye ardhi ya maweni karibu na bahari, kuvuta maji mengi kunaingiza chumvi kwenye visima vya watu. Msikubali mradi unaojibu swali hilo kwa kusema "tutaona".

Kuhusu usafiri, pigeni hesabu ya kilo moja kutoka mlangoni hadi inapopakiwa meli kubwa: gari hadi bandarini, vibarua wa kupakia, nauli ya chombo, ushuru, kushusha Unguja au Tanga, kusubiri, kupakia tena. Gharama ya kuvuka maji mara mbili ndiyo hasara kubwa ya Pemba dhidi ya bara, na hamwezi kuificha. Inapunguzwa kwa njia moja, kusafirisha kitu kilichopunguzwa uzito na kuongezwa thamani. Ndiyo maana marobota yaliyokandamizwa yana maana, na ndiyo maana mafuta ya makonyo yanavumilia nauli ambayo makonyo yenyewe hayawezi.

Hatua ya tano: watu

Ahadi ya "vijana wetu wapo tayari" haitoshi. Fanyeni orodha ya ujuzi shehia kwa shehia: mafundi umeme, mafundi wa kuchomelea, madereva, waliosoma uhasibu, waliosoma maabara, waliofanya kazi viwandani Dar au Tanga wakarudi. Mtashangaa wangapi wapo, wakiendesha bodaboda. Vituo vya mafunzo ya amali vya Vitongoji na Daya viko hapa hapa kisiwani. Zungumzeni navyo kuhusu fani ambayo kiwanda chenu kitaihitaji, vijana waanze kusoma mapema, wasingoje jengo liezekwe.

Kuhusu wakulima wa mwani kuna jambo la pekee. Saa zao zinapangwa na bamvua, kwa siku zile maji yanapokupwa mbali wanakuwa baharini. Kiwanda kitakachowataka saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni kila siku kinawalazimisha kuchagua baina ya mshahara na shamba, na wakiliacha shamba kiwanda kinakosa malighafi. Zamu zifuate bahari. Liandikwe hilo kwenye makubaliano, pamoja na pahala pa kuwaacha watoto wachanga, choo cha wanawake, kivuli, na michango ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa kila mwajiriwa tangu mwezi wa kwanza.

Ushirika nao uundwe sasa, si siku ya mwekezaji kufika. Makampuni yanayonunua mwani yamezoea kuwapa wakulima kamba na taitai, yaani nyuzi za kufungia mwani, na mkulima akishapokea anabanwa kuuza kwa aliyempa. Ushirika wenye kamba zake wenyewe unaweza kujadili bei. Wekeni sheria chache za ubora zinazoshikwa kweli: hakuna kuanika mchangani, hakuna kuchanganya aina mbili, hakuna kuloweka ili uzito uongezeke. Anayevunja, mzigo wake urudishwe, awe ni dada wa sheha au nani.

Hatua ya sita: jalada la wilaya

Sasa mna la kuandika. Kurasa nane hadi kumi zinatosha, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Ukurasa wa kwanza ueleze zao, kazi mnayoitaka, kiasi kilichopimwa, na eneo. Kisha ramani na orodha ya ardhi, majibu ya ZECO na ZAWA, hesabu ya usafiri, orodha ya ujuzi, katiba ya ushirika, na barua ya Mkuu wa Wilaya. Picha ziwe za ghala, barabara, jeti na malighafi. Pembeni mwa kila picha andikeni tarehe.

Uwekeeni pia udhaifu wenu ukurasa mmoja. Maji ya kiangazi, kukatika kwa umeme, meli kuahirishwa wakati wa upepo mkali: yaandikeni, pamoja na mnachofanya kuhusu kila moja. Mgeni atayajua tu, na ni heri ayajue kutoka kwenu.

Hatua ya saba: milango ya kubisha, na kwa utaratibu gani

Jalada lianze kwa Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa, ili wasije wakasikia habari zenu kwa watu wengine. Kisha ZIPA, mamlaka ya uwekezaji, ambayo tangu 2023 inafanya kazi chini ya sheria mpya ya uwekezaji. Waulizeni mambo matatu kwa maandishi: misamaha gani inatolewa kwa mradi ulioko Pemba, kima gani cha mtaji kinatakiwa kwa mwenyeji na kwa mgeni, na nani atakuwa afisa wa kufuatilia jalada lenu. Afisa mwenye jina ndiye anayepokea simu.

ZEMA inahusika na tathmini ya mazingira, ZBS na viwango, Wakala wa Chakula na Dawa na kila kinacholiwa, BPRA na usajili wa kampuni, ZRA na TRA na kodi. Msizifuate zote kwa siku moja. Kwa kiwanda cha chakula ningeanza na ZBS kabla hata jengo halijachorwa, kwa kuwa mpangilio wa vyumba, sakafu na mifereji hutegemea viwango, na kubomoa ukuta ni ghali.

Msiwasahau Wapemba walioko nje. Wengi wanatuma fedha za nyumba na harusi kwa sababu hakuna aliyewaonesha kitu kingine cha kuaminika. Jalada lenye vipimo na orodha ya ardhi iliyosainiwa linaweza kumfanya mtu aliyeko Muscat au London aweke mtaji wa ghala. Fedha yake ilindwe kwa mkataba, awe ndugu wa damu au si ndugu.

Hatua ya nane: mwekezaji akija

Mkaribisheni kwa heshima, mpeni madafu, na mumuulize. Ameendesha kiwanda kama hiki wapi, na tunaweza kuzungumza na wafanyakazi wa huko? Mtaji uko benki gani? Atanunua malighafi kwa bei inayopangwa vipi, na akichelewa kulipa kuna nini? Maji machafu yataelekezwa wapi? Atajenga ndani ya muda gani, na asipojenga ardhi inarudi kwa nani?

Hilo la mwisho lisiachwe kwa hali yoyote. Ardhi iliyotolewa kwa mtu asiyejenga inakuwa imefungwa kwa kila mtu. Daini tarehe: uzio kufikia mwezi fulani, msingi kufikia mwezi fulani, mashine kufikia mwezi fulani, na kifungu kinachosema haki inakwisha zikipita bila sababu iliyokubaliwa.

Ajira nazo ziandikwe kwa idadi na kwa ngazi. "Kipaumbele kwa wenyeji" ni maneno matupu kama hayaelezi wangapi, kwenye kazi gani, na baada ya miaka mingapi wenyeji watashika usimamizi wa mashine na hesabu. Kiwanda chenye walinzi na wafagiaji wa Micheweni peke yao kimechukua malighafi yenu na kuacha ujuzi ulikotoka.

Atakayekataa kuandika chochote kati ya haya, muacheni aende. Najua ni vigumu kusema hivyo mbele ya vijana wasio na kazi, lakini ardhi ikishakwenda na miaka kumi ikapita bila jiwe kuwekwa, ni vijana hao hao watakaokuwa wamepoteza.

Wakati mnangoja

Anzeni na kidogo kinachowezekana. Wakala wa viwanda vidogo, SMIDA, na ZEEA kwa upande wa mikopo ya uwezeshaji ndio wa kuwaendea. Chanja za kukaushia, mizani moja ya uhakika, ghala la kukodi, mashine ya kusaga mwani kwa sabuni: vyote vinatoa ajira chache mwaka huu, na vinatoa kumbukumbu za mauzo ambazo jalada lenu litazihitaji. Fungueni akaunti ya ushirika PBZ au benki nyingine, kila mauzo yapite humo.

Kiwanda kikishafunguliwa, kamati isivunjwe. Ikutane na menejimenti kila miezi mitatu, ajenda iwe ile ile kila mara: bei iliyolipwa kwa mkulima, siku za kuchelewa kulipa, idadi ya wenyeji kwa kila ngazi, vipimo vya maji ya visima vya jirani, na michango ya ZSSF iliyowasilishwa. Kumbukumbu zisainiwe na pande zote mbili, nakala moja ibaki ofisi ya sheha, nyingine ipelekwe ZIPA.